Siye Huyo: Kumsaka Mnyama wa Manyoya kutoka Lindi hadi Mahuta

Jumatatu, Lindi mjini

Nimeshuka stendi saa nne asubuhi na kwenda sokoni kabla hata ya kutafuta chumba. Nimekuja kupima kama wapo wanyama wa manyoya wanaosimuliwa: mngwa, paka mkubwa muuaji, na agogwe, mtu mdogo wa manyoya anayetembea wima. Kesi maarufu kuliko zote za mnyama wa ajabu katika pwani yetu ya kusini inahusu soko la mji huu, nami nilitaka kusimama kati ya meza za samaki na mafungu ya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, niipime upya.

Kesi yenyewe aliiandika William Hichens, Mwingereza aliyekuwa hakimu hapa Lindi katika miaka ya 1920. Anasema wachuuzi walikuwa wakiacha bidhaa zao sokoni usiku, na askari wakipokezana lindo. Usiku mmoja askari aliyekuja kupokea zamu hakumkuta mwenzake. Alipomtafuta alimkuta chini ya meza, ameraruliwa vibaya, na kiganjani ameng'ang'ania konzi ya nywele za kijivu. Wakadhani ni simba, ingawa kwa miaka mingi simba hakuwa ameonekana kuingia mjini. Asubuhi yake Liwali, mzee wa Kiarabu aliyeheshimika, akafika bomani na watu wawili waliokuwa wanatetemeka. Walisema wamemwona kwa macho yao: paka mkubwa wa kadiri ya punda, ana mabaka ya paka shume, alichomoka gizani akamwangusha yule askari. Si simba, si chui. Ni mngwa, wengine humwita nunda. Usiku uliofuata akafa askari wa pili, na nywele zilezile zikakutwa mwilini mwake. Hichens akazituma zikachunguzwe. Jibu likarudi kwamba huenda ni za paka.

Jibu hilo ndilo linalonikera kuliko hadithi yenyewe. Simba ni wa jamii ya paka, na chui pia. Mtaalamu yule hakumtoa mshukiwa hata mmoja kwenye orodha.

Nimeizungushia sokoni habari hii leo. Mzee mmoja anayeuza tumbaku ya kunusa alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mngwa alikuwepo. Siku hizi hayupo kwa sababu mwitu haupo." Kijana wa pweza aliyekuwa pembeni akadakia, "Babu, huyo ni simba. Kila mtu aliyetokea bara huko Milola anakuambia ni simba." Mzee akamjibu kwamba simba anaacha unyayo wa simba. Mama muuza ming'oko akauliza kama ninanunua au ninahoji. Nikanunua.

Ming'oko ni mtamu lakini hautatui kesi. Nywele zingetatua, kama zingekuwepo leo. Mwaka 1976 mtafutaji mmoja wa Bigfoot, lile jitu la manyoya la misitu ya Marekani, aliwapelekea FBI nywele kumi na tano zilizokuwa bado na kipande cha ngozi. Walizipima, na barua zilipotolewa hadharani mwaka 2019 watu wakasoma jibu: za mnyama wa familia ya deer, kulungu wa Kizungu. Kule Himalaya, watafiti walichukua vipande tisa vilivyosemwa kuwa vya yeti, jitu la manyoya la milima hiyo: nywele, mfupa, ngozi, hata kinyesi, wakavipima vinasaba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: vinane vya dubu, kimoja cha mbwa. Nywele za askari wa Lindi zingeingia maabara leo, jibu lingetoka kabla ya mwezi kuandama. Sasa zimebaki kuwa maneno ya hakimu.

Na kuhusu huyo hakimu, wanaomnukuu mitandaoni hawasemi jambo ambalo msomaji wa Kiswahili angelitaka kwanza. Huyu ndiye W. Hichens aliyeihariri Diwani ya Muyaka bin Haji, iliyochapwa Johannesburg mwaka 1940. Alikuwa mtu wa miswada na tenzi, aliyekaa na wazee wa pwani akisikiliza. Sisemi alidanganya. Nasema alimfahamu nunda kutoka kwenye masimulizi, na mtu aliyekwisha kusimuliwa habari za mnyama huwa nusu ya njia kumwona.

Jumanne, Mchinga

Nimekuja Mchinga kwa sababu Hichens anasema vifo vya namna ileile vilitokea huku pia. Kijiji kimetulia, kusi inavuma, ngalawa zimevutwa juu. Hakuna aliyesikia habari za askari. Ila bibi mmoja aliyekuwa anasuka ukili barazani alipoambiwa nunda aliweka kazi chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani kakuambia habari za nunda? Hiyo ni ya usiku, mchana haisimuliwi."

Tukakubaliana kwamba mgeni anasamehewa, naye akasimulia. Sultani alikuwa na paka anayempenda. Paka akala kuku, watu wakaja kushtaki, Sultani akasema: paka wangu, na kuku wangu. Akala mbuzi: paka wangu, na mbuzi wangu. Akala ng'ombe, akala ngamia, jibu lilelile. Alipofikia kuwala wana wa Sultani mwenyewe ndipo Sultani akasema huyu si paka tena. Mwana wa mwisho, ambaye baba yake hakuwahi kumhesabu, akaapa kumsaka. Akaua mbwa, akamburura hadi nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda mla watu. Mama akachungulia dirishani, akajibu: mwanangu, siye huyo. Akaua ngawa: siye huyo. Punda milia, twiga, faru, tembo. Siye huyo. Mpaka siku aliyompata mwenyewe.

Hadithi hii Edward Steere aliichapa mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, kwa hiyo ni kongwe kuliko hakimu wa Lindi kwa nusu karne. Bibi hakumjua Steere, naye alibadilisha wanyama wawili watatu, lakini yule mama dirishani hakumgusa. Nimetembea ufukweni nikimfikiria mama yule. Mtoto anarudi na damu mikononi, amechoka, anataka sifa, na mama anaangalia mzoga na kumwambia ukweli. Watafutaji wa majitu wa leo hawana mama wa namna hiyo.

Bara ya hapa, kuelekea Mbemkuru, ndiko kilipo kilima cha Tendaguru. Nakitaja kwa sababu Lindi si mahali pa kubeza habari za wanyama wasioaminika. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler alioneshwa mifupa mikubwa iliyochomoza ardhini huko. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba, vibarua wakiwa mamia ya watu wa mkoa huu, na msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mmoja wa wanyama hao amesimama leo kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Ametoweka miaka kama milioni 150 iliyopita, na bado tumepata mfupa wa paja lake. Anayesema mngwa aliishi juzi, enzi za babu zetu, ana haki ya kuulizwa: mifupa iko wapi?

Jumatano, kuelekea Rondo

Noah hadi Mnazi Mmoja, nyingine hadi Mtama, kisha bodaboda. Ufuta umeshavunwa. Vumbi jekundu. Kijana wa bodaboda alipojua ninakokwenda na sababu yake, alicheka kilomita mbili nzima, halafu akaongeza nauli.

Uwanda wa Rondo umeinuka zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na unapomaliza kupanda unahisi baridi ghafla. Zamani mivule ya hapa ilikuwa utajiri. Kampuni za mbao zilikata sana wakati wa Mwingereza. Kilichobaki ni hifadhi ya msitu wa asili chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Kibali ninacho, na mhifadhi aliyepangiwa kunisindikiza ni mtu wa maneno machache. Tumekubaliana kutoka usiku.

Usiku huohuo, saa tano. Tumerudi sasa hivi na ninaandika nikiwa bado na baridi.

Tuliingia kama saa mbili. Mwanzoni ni chenene tu. Halafu, upande wa bondeni, mtoto akalia. Kilio cha mtoto mchanga kabisa, cha kukata na kuanza upya, kutoka mahali ambapo hakuna nyumba. Mimi ni mtu mzima, na nilikuwa najua ni nini, na bado nywele za shingoni zilisimama. Ni komba mkubwa. Mhifadhi akasema watu wazima kabisa wameacha kupita njia hii usiku kwa sababu ya sauti hiyo, na kila mmoja ana maelezo yake: maiti ya mtoto asiyezikwa vizuri, msukule, jini. Fikiria uko peke yako, mwenge unazimika, na tangu utotoni umeambiwa msituni kuna kitu.

Tukakaa kimya tena. Baada ya muda mrefu akanigusa bega na kuelekeza tochi yenye mwanga mwekundu kwenye vichaka vya chini. Macho mawili. Yakaruka. Macho yakawa mahali pengine. Kisha ikaja sauti ndogo ya kukwaruza, ikijirudia kwa mapigo mawilimawili, nayo ndiyo niliyoifuata kutoka Mtwara bila kumwambia mtu: komba wa Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani yai la kuku. Mkia wake una manyoya yaliyosimama pande zote. Sayansi ilimpa jina lake rasmi katika miaka ya 1990 tu, na sauti hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowathibitishia watafiti kwamba si komba mwingine. Anaishi kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani: hapa, Litipo na Chitoa hukuhuku Lindi, Ziwani karibu na Mtwara, kisha kule Pugu na Pande karibu na Dar es Salaam, na Zaraninge.

Sasa twende taratibu. Mnyama wa uzito wa yai, wa usiku, anayejificha kwenye vichaka vya vijimsitu vilivyozungukwa na mashamba, ameonekana, amerekodiwa, amepimwa, amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Na kuna watu wanataka niamini kwamba agogwe, mtu wa manyoya wa futi nne, anayetembea wima, na bila shaka ana mke na watoto kwa sababu hakuna mnyama anayeishi karne nzima peke yake, ameshindikana kuonekana.

Alhamisi, Rondo bado

Mchana tumezunguka msituni. Tumeondoa mitego ya waya, mingine imeshika kutu, mmoja una mguu wa funo uliooza. Mhifadhi hapendi kuzungumza mengi lakini hapa alisema neno ambalo nimeliandika kwenye kiganja ili lisipotee: "Waya hauchagui. Kingekuwepo kitu, waya ungekileta."

Nimempinga kidogo, kwa ajili ya haki. Kipunji je? Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wakimtaja nyani huyo na watafiti wakafikiri pengine ni mnyama wa hadithi, hadi alipoonekana mwaka 2003, na mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona Udzungwa bila kujua habari za wenzao. Dunia ilitangaziwa 2005. Wenyeji walikuwa sahihi. Na mwaka huohuo wa 2005 kamera za kutega zilizofungwa Udzungwa zikapiga picha ya sengi, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, lakini mkubwa na mwenye uso wa kijivu, ambaye wakati huo hakuwemo kwenye kitabu chochote. Kwa hiyo misitu ya Tanzania inaficha vitu.

Akafikiri, akasema, "Lakini hao Wanyakyusa walijua anakula nini."

Hapo alinikata kauli. Wawindaji wa Rungwe waliweza kueleza kipunji analia vipi, analala wapi, anaingia shamba gani la mahindi. Mnyama wa kweli ana chakula na ana kinyesi. Nimewauliza watu wa Lindi sasa mngwa anakula nini akikosa askari. Hakuna aliyejibu.

Jioni, kwa majirani wa mhifadhi, mazungumzo yalihamia kwa simba bila mimi kuyasukuma. Ndiyo habari yenye uzito huku. Kati ya 1990 na 2005 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini na kujeruhi zaidi ya 300, na Lindi na Rufiji zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Craig Packer na watafiti wa Kitanzania walioshirikiana naye walionesha mambo yanavyoungana. Nguruwe pori wanaharibu mazao. Mwenye shamba analala shambani, juu ya dungu au ardhini kwenye kibanda cha makuti, kuwalinda. Simba, ambaye swala wake wamekwisha, anawafuata nguruwe. Anamkuta mtu. Mashambulizi mengi hutokea wakati wa mavuno, na utafiti wao wa baadaye ulionesha hatari huzidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, pale giza linapotangulia kabla mwezi haujachomoza.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapeta choroko alisikiliza takwimu zangu, akasema shemeji yake alichukuliwa hivyohivyo, saa mbili usiku, akiwa amekwenda haja. "Walisema ni simba wa mtu," akaongeza. Yaani simba aliyetumwa, au mtu aliyevaa usimba. Mumewe akamtazama, akanyamaza.

Imani hii inaua mara ya pili. Ng'ambo ya Ruvuma, wilaya ya Muidumbe, simba walipoua watu mwaka 2002 na 2003, wanakijiji waliua watu wengine wakiwashuku kuwatengeneza simba hao. Basi yule askari wa sokoni Lindi, kwa mawazo yangu, aliuawa na simba, labda mzee, manyoya yake ya shingo yamepauka, ameingia mjini kwa njaa. Kwa nini tumkubali paka wa kadiri ya punda wakati muuaji wa kweli anajulikana kwa jina, msimu na saa?

Ijumaa, Masasi

Siku ya barabara. Nyangao, Ndanda, Masasi, milima ya mawe. Nimesali msikiti wa karibu na stendi, nimekula wali kisamvu, nimelala mchana.

Jambo moja tu la kuandika. Kwenye Costa nilikaa na mwalimu wa sekondari aliyekuwa na ile video ya Bigfoot kwenye simu, ile ya mwaka 1967 iliyopigwa Bluff Creek, California, kiumbe cheusi kinatembea na kugeuka kuangalia kamera. Akaniambia, "Kaka, Wazungu wenyewe wameona." Huu ndio mzizi wa fitina. Babu wa tumbaku akisema kaona, ni ushirikina. Kapteni Hichens akisema kaona, ni ushahidi. Kumbe wote wawili wamesema tu. Hichens huyohuyo aliandika mwaka 1937 kwamba, akiwa anawinda simba katika misitu ya Ussure na Simbiti, magharibi ya mbuga za Wembere, aliona viumbe viwili vidogo vya kahawia, futi nne hivi, vinatembea wima, vina manyoya mwili mzima, vikakatiza uwazi na kuzama kichakani. Mwindaji mwenyeji aliyekuwa naye akamwambia hao ni agogwe. Ni maelezo mazuri, yamenukuliwa duniani kote. Hayana unywele mmoja wa kupima. Sokwe wetu wako magharibi, Gombe, Mahale na misitu ya Ugalla, hawatembei wima namna hiyo, na nyani akisimama kuangalia juu ya nyasi huonekana mtu kwa sekunde mbili. Sekunde mbili zinatosha kuandika makala.

Mwalimu hakukubali. Aliposhuka alinitumia video.

Jumamosi, Newala

Hapa ukingo wa uwanda unakatika ghafla, na chini kabisa, ng'ambo ya bonde, unaona Msumbiji. Nimekaa ukingoni asubuhi nzima na barua ya Cuthbert Burgoyne.

Burgoyne aliisoma makala ya Hichens, akaandika mwaka uliofuata, 1938. Alisema mwaka 1927 yeye na mkewe walikuwa kwenye meli ya mizigo ya Kijapani ikipita karibu na pwani ya huko Msumbiji. Kwa darubini waliona nyani kadhaa ufukweni wakiokota kaa au chaza, wawili kati yao weupe kabisa. Mara watu wawili wadogo wa kahawia wakatoka kichakani, wakatembea katikati ya nyani, na nyani wasishtuke. Burgoyne akahitimisha kwamba lazima wana undugu na nyani.

Mtu wa pwani akisoma hapo anajiuliza swali jepesi: watoto? Watoto wa wavuvi, uchi, ngozi ya kahawia, wanaokota kaa maji yakiwa yamekupwa. Nyani waliozoea watoto wanaowatupia mawe bila kuwapata hawakimbii. Nimekulia Mikindani, nimewaona. Mtu aliyeko melini anawaona nyani weupe na hashangai sana, lakini wakitokea watu wadogo weusi anaona spishi mpya. Hilo linasema zaidi juu ya mwenye darubini.

Jioni nilikwenda kwa mchongaji mmoja anayetokea upande wa pili wa mto. Alinionesha kinyago cha mapiko cha kuvaa kichwani, uso wenye chale, na juu yake nywele halisi za binadamu zilizobandikwa kwa nta. Mapiko ya Wamakonde wa huko yalichezwa kwa namna ambayo wanawake na watoto wasiopita jando waliambiwa huyo si mtu, ni kitu kilichofufuka, kimetoka nje ya kijiji. Wanaume walijua. Aliyepita jando anajua, nami sitasema zaidi ya hapo. Lakini nilipokivaa kidogo, kikiwa na harufu ya nta na jasho, nikamwangalia mtoto wake wa miaka mitano, na yule mtoto alikimbia hadi nyuma ya jiko. Baba akacheka sana. Mtoto huyo akihojiwa miaka hamsini ijayo atasema amemwona, kwa macho yake, futi chache kutoka alipokuwa amesimama, na atakuwa anasema kweli.

Jumapili, Mahuta

Mahuta nimekuja kwa sababu ya mtafiti mwingine, Karl Weule wa Leipzig, aliyepita Lindi, Masasi, Newala na hapa mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vinavuta moshi. Aliandika simulizi ya chimbuko la Wamakonde kama alivyoambiwa hukuhuku. Nimemsomea mzee mmoja, mkulima wa korosho, tukiwa chini ya mkorosho wake. Mjukuu wake wa kidato cha tatu akisikiliza pembeni.

Hapo zamani Mahuta ilikuwa kichaka kitupu. Kutoka kichakani akatokea mtu asiyeoga, asiyenyoa nywele, asiyekula wala kunywa isipokuwa kidogo. Akaenda akachonga umbo la mtu kwa mti, akalibeba hadi makazi yake kichakani, akalisimamisha wima. Usiku umbo likapata uhai, likawa mwanamke. Wakashuka pamoja Ruvuma kuoga. Mke akajifungua mtoto mfu. Wakahama hadi bonde la Mbemkuru, mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, Mahuta, wa tatu akaishi. Wakapata watoto wengi, wakawausia wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko yaliko maradhi na kifo, na wawazike wafu wao wakiwa wima, kwa kumbukumbu ya mama yao.

Mzee alinyamaza kidogo. "Huyo Mjerumani kaandika vizuri, ila kasahau Ndonde. Sisi tumetoka Ndonde, ng'ambo." Halafu akanigeukia. "Kwa hiyo wewe umetoka Mtwara unamtafuta huyo asiyeoga?"

"Karibu hivyo, babu."

"Alishaoga." Akawaita wanawe waje wasikie, akarudia kwa Kimakonde, wakaangua kicheko. Mjukuu akapiga picha ukurasa.

Nimeshatembea na swali hili kutoka sokoni hadi hapa na jibu langu halitikisiki: mnyama huyo hayupo, kwa maana ya kuzaa, kula na kufa msituni. Ila sikutegemea kukuta kwamba watu wa uwanda huu hawakumweka huko msituni akiwatisha. Walimweka mwanzo wa ukoo, wakampa mke na mto wa kuogea.

Nilitaka kumweleza mzee hayo, lakini yeye alikuwa ameshamaliza na Mjerumani. "Mnyama wa manyoya ninayemjua mimi ni nguruwe," akasema, "na huyo yupo, twende ukamwone kazi yake." Akanipeleka hadi shamba la mihogo nyuma ya nyumba. Nusu ya matuta yamefukuliwa, mihogo imetafunwa na kutemwa, nyayo ni za usiku wa jana. Wanawe wawili wanalala hapo kwa zamu, kwenye kibanda cha makuti kilicho ardhini. Nikamwambia walau wakiinue kiwe dungu, na habari za zile siku kumi baada ya mwezi mpevu. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza habari za Mahuta, akamtuma mjukuu alete panga, na kabla sijaondoka walikuwa wameshakata miti minne ya nguzo.